Na risiti milioni moja laki na themanini, bila risiti milioni kamili. We ungechukua ipi?

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni mwajiriwa, na pale ofisini mtu wa kutumwa kununua vitu ndo mimi, kuanzia kitasa cha choo mpaka viti. Utaratibu mnaujua, unaomba masurufu, unasaini, unaenda kununua, unarudi na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, unafanya marejesho. Usiporejesha ndani ya muda unakatwa mshahara. Sina ugomvi na huo utaratibu, hela sio yangu.

Sasa mwaka jana tukaambiwa jiko la ofisi linunuliwe friji. Nikaingia Kariakoo, duka la kwanza tu kijana hata bei hajanitajia ananiuliza "bosi unachukua na risiti au bila?" Yaani kama unavyoulizwa chai ya maziwa au ya rangi. Nikamwambia nataka na risiti, ya ofisi. Akachukua kalkuleta akabonyeza, akanigeuzia: 1,180,000. Nikamuuliza na bila? Akafuta, akabonyeza: 1,000,000. Friji lile lile, limesimama pale pale, plastiki halijatolewa.

Kwa vile ni ofisi nikahitaji na proforma tatu za kulinganisha bei. Nikamwambia ngoja nizunguke maduka mengine mawili. Akacheka. Akavuta droo, humo ndani kuna mihuri mitatu ya maduka matatu na vitabu vyake, akaniandikia zote tatu akiwa amekaa, moja 1,180,000, moja 1,240,000, moja 1,265,000. Dakika nne. Na mimi nikazichukua, sitawadanganya hapa, jua lilikuwa kali na ofisini walikuwa wananisubiri. Faili likapita kwa watu watano, wote wakasaini kwamba ushindani umefanyika.

Baada ya wiki mbili, Jumamosi, nikarudi kwa kijana yule yule na hela ya kikoba, ya mke wangu na mimi, nikanunua friji kama lile la ofisini, la kuweka nyumbani. Safari hii mwenyewe nikasema "bila". Laki na themanini kwa mtu wa mshahara wangu ni kodi ya nyumba ya mwezi na chenji inabaki. Nilitoka pale najiona mjanja kuliko wote Kariakoo.

Wiki ya tano likazima. Fundi akasema kompresa. Nikarudi dukani, kijana ananiangalia kama hatujawahi kuonana duniani. "Mzee una risiti?" Nikamwambia si wewe mwenyewe ulinipunguzia. Anasema waranti ya mwaka mmoja ipo ila inakwenda na risiti. Sina la kusema, nikaondoka.

Ngoja sasa, hapo bado hatujafika penyewe. Mwezi uliopita wamekuja wakaguzi ofisini. Wanafungua faili la friji, ile risiti ya EFD imefutika yote, nyeupe kama karatasi ya kufungia vitumbua, kilichobaki ni pini. Hoja ya ukaguzi: malipo ya shilingi 1,180,000 hayana kiambatisho. Nikamwambia mkaguzi, mkuu friji si lile pale, hatua kumi kutoka ulipokaa, na maji unayokunywa yametoka humo. Halafu akasema kwa upole kabisa, "friji nimeliona, risiti sijaiona."

Kwa hiyo hali ni hii, ofisini friji lipo linagandisha ila kwenye makaratasi halipo na huenda nikalilipa mimi. Nyumbani friji lipo ila limekufa na haki yangu niliiuza kwa laki na themanini. Kote kuwili hakuna aliyewahi kuniuliza kama friji ni zuri.

Hoja yangu ni kwamba mnunuzi kapewa kazi ya kuilinda kodi ya serikali bila kulipwa chochote, na muuzaji ndo anamlipa ili asiifanye. "Ukinunua dai risiti" tumeimbiwa miaka yote hii tangu mashine zianze 2010, lakini mtu anadai kitu kinachomfaa. Mimi ile karatasi ingenifaa siku friji likifa tu, na siku ya kununua nani anawaza friji litakufa? Nawasilisha.

#2

Umepigwa mkuu. Pole ila umepigwa 😂😂

#3

Hapo kwenye mihuri mitatu kwenye droo nimecheka mpaka mtoto kaamka. Sisi wetu ana mitano.

#4

Mleta mada mimi ni huyo kijana unayemsema, sio yeye ila kazi ni hiyo hiyo, nina duka mwaka wa tisa sasa. Watu mnaona tunaiibia serikali basi, ngoja niwape hesabu mseme wenyewe.

Friji mimi nanunua kwa mwenye kontena 900,000. Yeye hanipi risiti, au ananipa imeandikwa laki mbili. Ukimkomalia anakwambia nenda kwa mwingine, na mwingine ndo yule yule. Mimi nauza milioni, faida yangu laki moja, hapo kodi ya fremu, umeme, vijana wawili. Sasa we mteja ukitaka risiti kwa hiyo milioni, VAT (kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18) iliyomo ndani ni 152,542. Kama ningekuwa na risiti halali ya mzigo ningekata ile niliyolipa kule kwa mwenye kontena nikabaki kulipa tofauti tu, ndivyo VAT ilivyo. Sina. Kwa hiyo yote naibeba mimi, faida laki moja toa laki na hamsini na mbili, nimekuuzia friji na juu nimekulipa nauli ya elfu hamsini. Ndo maana nakuongezea.

Mei 2023 tulipofunga maduka Kariakoo watu walidhani tunakataa kodi. Waziri Mkuu Majaliwa alivyokuja Mnazi Mmoja watu walimweleza haya mambo, kamatakamata, usajili wa stoo, na hili la mzigo kuanzia bandarini. Juni 2024 tukafunga tena. Mashine ipo mwishoni mwa mnyororo kwangu mimi mwenye fremu, na siku hizi watu wa TRA, mamlaka ya mapato, wanakuja wanasimama nje ya duka wanamkamata mteja na mfuko wake wanamuuliza risiti iko wapi. Mteja aliyekamatwa harudi tena dukani kwangu, huyo nimempoteza.

Ila kwenye waranti huyo jamaa ni mhuni tu. Mimi nauza bila risiti lakini naandika kwenye kadi ya friji tarehe na namba ya simu, likifa mwezi wa kwanza nalichukua.

#5

Mkuu #4 umeeleza vizuri ila umeruka kitu. Sio kila mwenye mashine anatoza VAT. Kuanzia Julai 2023 kiwango cha kusajiliwa VAT kilipanda kutoka mauzo ya milioni 100 kwa mwaka mpaka milioni 200. Chini ya hapo unatoa risiti ya EFD kama kawaida ila haina VAT ndani. Sasa kuna maduka kibao hayajasajiliwa VAT na bado yanakwambia "na risiti naongeza 18". Wakuu angalieni pale juu kwenye risiti, kama sehemu ya VRN, yaani namba ya usajili wa VAT, imeandikwa hajasajiliwa basi hiyo nyongeza imeingia mfukoni mwake sio TRA. Huo ni wizi wa mchana.

#6 (mleta uzi)

@5 nimeenda kuangalia fotokopi ya proforma, namba ya VRN haipo. Sijui nilie au nicheke.

#7

Hahahaaa basi hata ile laki na themanini ya ofisi haikufika. Kimeumana.

#8

Nyie wa mjini mnalalamika friji, mimi ni mwalimu mkuu shule ya msingi kijijini, naomba mnisikilize.

Ruzuku ya elimu bila ada ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, inayoingia kwenye akaunti ya shule ni 6,000, nyingine inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Nina watoto 420. Pigeni wenyewe, ni milioni mbili na laki tano na ishirini kwa mwaka, yaani 210,000 kwa mwezi. Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, michezo, utawala. Kila shilingi iwe na risiti ya EFD.

Hatua chache kutoka getini kuna mama ana kibanda, anauza chaki, madaftari, kalamu, sabuni, fagio. Huyo mama alikuwa na kile kitambulisho cha mjasiriamali cha elfu ishirini walichoanza kutoa Desemba 2018 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka. Kwa serikali huyo ni mfanyabiashara halali kabisa na hakutakiwa kuwa na mashine. Kwa mkaguzi wangu huyo mama hayupo duniani. Kwa hiyo nikitaka katoni ya chaki napanda boda mpaka barabara kuu, halafu kosta mpaka wilayani, kwenda na kurudi elfu kumi na nane, siku nzima niko nje ya shule, na boda naye hana risiti. Nauli natoa mfukoni. Nikifika mjini duka lenye mashine chaki ni ghali kuliko za mama, na mwenye duka akijua ni ya serikali anaongeza juu ya hapo, maana anajua kuna asilimia mbili atakatwa ya kodi ya zuio na malipo yatachelewa.

Na siku hizi nako ni NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni. Nakaa juu ya jiwe nyuma ya darasa la nne ndo kuna mtandao, nasubiri mtu wa mjini akubali oda ya fagio sita kwenye mfumo. Fagio sita wakuu. Wakati mama wa kibanda anazisuka mwenyewe nikiwa namwona.

#9

Mwalimu pole sana. Hiyo ya jiwe nyuma ya darasa la nne ipigwe picha iwekwe ukutani kule wanakotunga hizi taratibu.

#10

Tuwe wakweli lakini. Mwalimu mkuu wetu sisi enzi hizo alikuwa anakuja na risiti za mkono, chaki katoni 40 kwa shule ya mikondo miwili. Wazazi tunachanga, chaki hatuzioni. Hizi taratibu hazikushuka tu mbinguni, kuna watu walizisababisha.

#11

Kazi yangu ni ukaguzi wa ndani kwa hiyo najua nitatukanwa, ila #10 kasema kweli. Kabla ya EFD kitabu cha risiti ulikuwa unanunua stationari, muhuri unachongesha barabarani, jioni unajiandikia chochote. Nimekagua faili ambalo duka la vifaa vya ujenzi, hoteli na karakana ya magari vyote vina mwandiko mmoja na wino mmoja. Leo hii risiti ina namba ya uhakiki na ile alama ya kuskani, naingiza namba kwenye tovuti ya TRA naiona ilitoka saa ngapi, mashine ya nani, kiasi gani. Mtu aliniletea risiti ya chakula cha semina ya Dodoma, nikaihakiki nikakuta imetoka saa nane usiku. Bila mfumo ningejuaje?

Mleta mada kosa lako ni moja tu, hukutoa fotokopi. Karatasi ya EFD inachapwa kwa joto, haina wino, ukiiweka karibu na dirisha au kwenye pochi inafutika yenyewe. Kila mhasibu anajua, siku unayoipokea unatoa kopi unaibana pamoja na halisi. Na kama ungekuwa umeiandika ile namba ya uhakiki mahali popote tungeihakiki leo hii.

Swali lako la friji ni zuri lakini sio kazi yangu kujua friji linagandisha. Hapo ndo penye shida na nakubali. Kila mwaka ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inapotoka inataja malipo yasiyo na risiti za kielektroniki, halmashauri kwa halmashauri, na kila bosi anaogopa kutajwa. Hakuna anayetajwa kwa sababu mwalimu alitumia nauli elfu kumi na nane kufuata chaki.

#12

@11 saa nane usiku 😂😂 hiyo semina ilikuwa na mada gani

#13

Dereva hapa. Nyie mnaongea EFD njooni sheli muone. Mteja wa gari binafsi anaweka mafuta ya elfu themanini, risiti inatoka kwenye pampu yenyewe, anaiacha inaning'inia. Nyuma yake kuna dereva wa ofisi anaisubiri kama kunguru anavyosubiri dagaa. Enzi hizo pale kwetu risiti ya laki moja ilikuwa inauzwa elfu tatu kwa vijana wa pampu. Siku hizi wamebana, wanataka jina la mnunuzi na namba ya gari, na kwa ofisi zenye kadi za mafuta ndo basi tena. Ila ilikuwa risiti ni halali kabisa, uihakiki usihakiki inakubali. Mafuta ndo yameingia kwenye gari la mtu mwingine.

#14

@13 asante, hiyo ndo naitafuta siku zote. Risiti halali ya kitu ambacho hakikununuliwa na kitu kilichonunuliwa ambacho hakina risiti. Mkaguzi anafurahia cha kwanza.

#15

Kodi yenyewe mnayoililia inaenda kununua mashangingi. Mimi bila risiti mpaka naingia kaburini.

#16

@15 na barabara ya kukupeleka huko kaburini itachongwa na mjomba wako? Tuache hizi, tumezisikia.

#17

Wazee mimi niko Mombasa, huku mambo ni yale yale jina tu tofauti. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, walileta eTIMS, mfumo wa invoice za kielektroniki, na kutoka Januari 2024 ukiwa na biashara matumizi yasiyo na invoice ya eTIMS hayahesabiki wakati wa kupiga hesabu ya kodi. Mimi nina hoteli ndogo, napika viazi na samaki. Samaki nanunua kwa mvuvi pale ufukweni asubuhi, yule hata viatu hana, atatoa wapi eTIMS? Ikawa kana kwamba hoteli yangu inauza samaki waliojileta wenyewe.

Sasa mwisho wa 2024 wakaleta sheria ya kwamba muuzaji mdogo, chini ya milioni tano za Kenya kwa mwaka, mnunuzi ndiye anamtolea invoice kwa niaba yake. Sio rahisi hivyo, mvuvi ukimwomba PIN ya kodi anadhani wataka kumpeleka polisi, lakini angalau mlango upo. Huyo mwalimu na mama wa kibanda ingewafaa hiyo.

#18 (mleta uzi)

@17 hapo umenigusa. Mwalimu mwenye sistimu mkononi amwandikie mama wa kibanda, mama atie dole gumba, imeisha. Kwetu kila kitu lazima mdogo ndo apande kwenda kwa mkubwa.

#19

Kuhusu mnunuzi kulipwa, mleta mada hicho kitu kipo Rwanda, mimi nafanya kazi Kigali. Walianza 2024. Unajisajili na namba ya simu, ukinunua unampa muuzaji namba aiweke kwenye EBM, mashine yao ya risiti, na wewe mnunuzi wa mwisho unarudishiwa asilimia kumi ya VAT uliyolipa. VAT yao 18 kama yetu. Watu wanadai risiti mpaka ya sabuni. Mama mwenye nyumba wangu hatoki dukani mpaka meseji iingie kwenye simu.

#20

@19 hesabu yako kwenye friji la mleta mada. VAT laki na themanini, asilimia kumi ni elfu kumi na nane. Muuzaji anakupunguzia laki na themanini. Kwa akili yako timamu unaacha laki na themanini unachukua elfu kumi na nane? Sabuni sawa, friji hapana.

#21

@20 unasahau kwamba kule ukisema "bila" hupunguziwi zote, mnagawana na muuzaji. Na pia sio hela tu, ukishajisajili kila risiti yako iko kwenye simu, haifutiki, friji likifa unafungua simu unamwonyesha. Mleta mada angekuwa na hicho leo asingelia na karatasi nyeupe wala asingekosa waranti.

#22

Mimi nilikuwa naamini kwenye bila risiti mpaka niliponunua simu ikawa ya wizi, nimekaa kituoni siku mbili naulizwa uliinunua wapi. Sasa hivi hata chaja ya elfu tano nadai. Muuzaji ananuna, anune.

#23

@22 elfu tano kwenye duka gani wanatoa? Mimi nikidai chini ya elfu ishirini naambiwa mashine ina tatizo la mtandao. Mtandao unarudi akiingia mtu amevaa shati la kuchomekea na kitambulisho shingoni.

#24

Mleta mada hujatwambia la ofisini limeishaje. Unakatwa au hukatwi?

#25 (mleta uzi)

@24 mkuu ndo nimetoka huko leo. Mhasibu wetu, Mungu ambariki yule mama, kaniambia kama nitapata nakala ya risiti kutoka dukani, au hata ile namba ya uhakiki tu, hoja inajibika. Akanipa ruhusa ya saa mbili. Hapo nimejaza fomu ya kutoka, imesainiwa na msimamizi, na utumishi, na getini.

Nimefika Kariakoo saa sita. Duka limekuwa la mapazia. Dada aliyekuwepo hajui habari za mafriji, anasema fremu kaichukua tangu mwezi wa tatu na wenye mafriji walihamia ghorofa nyingine, haijui. Nikazunguka mtaa mzima nauliza. Mbeba mizigo mmoja ndo akanielekeza, ghorofa ya pili, nyuma kabisa.

Kijana nikamkuta. Safari hii alinikumbuka. Nikamweleza, akasikiliza vizuri tu, akasema mashine ile ilikuwa ya duka la zamani na ilishafungwa, ila nisijali, anaweza kunitolea nyingine leo kwa friji hilo hilo, tarehe ya leo, kiasi kile kile.

Halafu akachukua kalkuleta.